Olivier de Clisson alikuwa mtu wa nani?

Kuna hati moja ya Oktoba 1370 ambayo huanza nayo kila ninapofundisha historia ya Bretagne, ile rasi kubwa ya magharibi mwa Ufaransa inayochomoza baharini. Iliandikwa Pontorson, mji wa mpakani kati ya Bretagne na Normandie. Ni kiapo cha undugu kati ya wapiganaji wawili wa Kibretoni: Bertrand du Guesclin, ambaye mfalme wa Ufaransa alikuwa amemteua mkuu wa majeshi yake mwezi huohuo, na Olivier de Clisson, kabaila mwenye ardhi nyingi na jicho moja.

Wanaapa kusaidiana dhidi ya watu wote wanaoweza kuishi na kufa. Kila mmoja ataulinda mwili wa mwenzake kama wa ndugu yake. Fedha za kukombolea mateka, pamoja na zile zinazotozwa nchi iliyotekwa, watagawana nusu kwa nusu. Halafu wanataja wale ambao kiapo hicho hakiwagusi: mfalme wa Ufaransa, ndugu zake, kabaila wa Rohan, na mabwana wengine ambao wameshika ardhi kutoka kwao.

Hapo huwaambia wanafunzi wasome tena, polepole. Wote wawili ni Wabretoni, na bwana wao wa kwanza ni mtawala wa Bretagne. Jina lake liko wapi? Kabaila wa Rohan, aliye chini ya mtawala huyo, ametajwa kwa cheo chake. Mtawala mwenyewe amefichwa ndani ya maneno "mabwana wengine". Miaka sita tu nyuma Clisson alikuwa amepoteza jicho akimpigania mtawala huyohuyo, na du Guesclin alikuwa upande wa pili wa uwanja, akatekwa siku ileile.

Watu wengi wakisikia habari za Clisson humwita kigeugeu au msaliti. Alikulia kwa Waingereza, akawapigania, akahamia kwa Wafaransa na kuwachinja Waingereza, akapigana na bwana wake wa Bretagne karibu robo karne, na mwishoni akawa nguzo ya watoto wa bwana huyo. Mimi nimeishi na habari zake miaka mingi, na naona neno msaliti linatufunga macho. Lugha yetu ina neno linalotusaidia zaidi, nalo ni "mtu wa". Tunaposema fulani ni mtu wa fulani, kila mtu anaelewa: analindwa naye, anapata riziki kwake, na siku ya siku atasimama naye. Kifaransa cha enzi zile kilisema hivyohivyo. Kiapo cha kabaila kwa bwana wake kiliitwa hommage, kutoka homme, mtu. Ulipiga goti bila silaha, ukaunganisha viganja, bwana akavifumbata kwa mikono yake, ukatamka kwamba umekuwa mtu wake, mkabusiana mdomoni. Ulikuwa umefungamana na nafsi moja yenye jina na uso, na nafsi hiyo nayo ilikuwa imefungamana nawe. Bwana asipokutendea haki, fundo linalegea. Na mtu mwenye ardhi sehemu kadhaa alikuwa na mabwana kadhaa, jambo ambalo kila mtu alilijua na kulikubali.

Sasa tazama mahali alipozaliwa. Ngome ya Clisson iko kusini mwa Nantes, mahali ambapo Bretagne inapakana na Poitou. Baba yake, Olivier wa nne, alikuwa mkubwa upande wa Bretagne. Mama yake, Jeanne de Belleville, alileta ardhi za upande wa Poitou. Mtoto alizaliwa tarehe 23 Aprili 1336, na kabla hajajua kupanda farasi alikuwa mrithi wa pande mbili za mpaka.

Mwaka 1341 Jean wa tatu, mtawala wa Bretagne, alifariki bila mtoto. (Cheo chake ni duc, hapa nitamwita mtemi, maana alikuwa na mahakama yake na sarafu yake, ingawa alipaswa kupiga goti kwa mfalme wa Ufaransa.) Waliodai kiti walikuwa wawili. Mmoja ni ndugu yake kwa baba, Jean de Montfort. Mwingine ni mpwa wake Jeanne de Penthièvre, mke wa Charles de Blois, ambaye naye alikuwa mpwa wa mfalme wa Ufaransa. Mfalme akamuunga mkono mpwa wake, na Montfort akamkimbilia Edward wa tatu wa Uingereza. Vita hiyo ilidumu zaidi ya miaka 20.

Baba yake Clisson alikuwa upande wa Blois, yaani upande wa mfalme. Lakini mfalme Philippe wa sita akaanza kumshuku kwamba anazungumza na Waingereza kisirisiri, akamkamata na kumleta Paris. Tarehe 2 Agosti 1343 alikatwa kichwa katika mtaa wa Les Halles, na kichwa kikapelekwa Nantes kutundikwa langoni. Kumfanyia hivyo kabaila mkubwa, bila kesi ya wazi mbele ya makabaila wenzake, kuliwashtua hata waliompenda mfalme. Mali za familia zikataifishwa. Jeanne de Belleville akaasi, akashambulia vituo na meli za Wafaransa, akahukumiwa kufukuzwa nchini. Simulizi za baadaye zimeipamba sana vita yake ya baharini, na zinasema aliwachukua wanawe wadogo hadi Nantes wakatazame kichwa cha baba yao langoni. Tukio hilo la langoni ni la wasimuliaji. Hukumu na kutaifishwa kwa mali ni vya kwenye kumbukumbu za mahakama. Olivier alikuwa na miaka saba.

Mama akavuka na mtoto hadi Uingereza, na baadaye akaolewa na nahodha wa Kiingereza, Walter Bentley, aliyeshinda vita vya Mauron mwaka 1352. Katika nyumba ya mfalme Edward kulikuwa na mtoto mwingine wa Kibretoni, mdogo kwa Olivier kwa miaka mitatu: Jean, mwana wa yule Montfort. Baba yake alifariki mwaka 1345, na mama yake, shujaa aliyeilinda Hennebont mwaka 1342, alifungiwa katika ngome ya Kiingereza hadi mwisho wa maisha yake. Watoto hawa wawili walikula meza moja na walifundishwa upanga pamoja. Wote walikuwa yatima wa vita ileile, na mlezi wao mmoja. Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja, na hawa walilelewa zizi moja tangu wakiwa ndama.

Tarehe 29 Septemba 1364 walisimama pamoja Auray. Aliyeongoza jeshi la Montfort alikuwa Mwingereza, John Chandos, na Clisson aliongoza kikosi kimojawapo. Charles de Blois aliuawa, vita ya urithi ikaisha, na kijana Jean akawa mtemi Jean wa nne. Clisson alitoka pale akiwa chongo, na jina la Chongo wa Auray likamganda hadi leo.

Miezi na miaka michache baadaye urafiki ukavunjika, na sababu inayosimuliwa zaidi ni jumba moja. Mtemi alimzawadia Chandos ngome ya Gâvre, iliyo jirani na Blain, mji wa Clisson. Clisson akaona huo ni mkosi. Inasimuliwa kwamba alisema heri shetani amchukue kuliko kuwa na jirani Mwingereza, kisha akaenda na watu wake, akaichoma ngome na kuyasomba mawe yake hadi Blain ili ayajengee ngome yake mwenyewe. Huenda maneno yametiwa chumvi. Lakini tazama jambo lenyewe lilivyo: ametoa jicho, na zawadi ya jirani kabisa na uwanja wake amepewa mgeni. Katika hesabu ya ukabaila hilo si wivu wa kitoto. Bwana alikuwa na wajibu wa kumtunza mtu wake, na kwa Clisson fundo lilianza kulegea hapo.

Upande wa pili kulikuwa na Charles wa tano, mfalme mwenye akili na subira, ambaye hakuwa yeye aliyemuua baba. Ardhi za familia zilikuwa zimerudi mikononi mwa Clisson miaka ya 1360, na mfalme alijua kumheshimu. Ndiyo maana mwaka 1370 tunamkuta Pontorson, viganja vyake vikiwa ndani ya mikono mipya. Mwaka huohuo aliipata Josselin, ngome iliyo juu ya mto Oust katikati ya Bretagne, akaijenga upya kwa ukubwa wa kutisha. Mtu wa mfalme alikuwa sasa amekaa moyoni mwa nchi ya mtemi.

Sitaki kumpamba. Waingereza waliomlea walimwita Mchinjaji, na Froissart, mwandishi wa matukio wa karne ile, anaeleza kwa nini. Katika kuzingirwa kwa Benon mwaka 1372, mpambe wa Clisson aliuawa. Ngome ilipoanguka Clisson aliomba apewe mateka, akasimama mlangoni na shoka, na kila mmoja alipotoka alimpiga pigo moja. Watu 15. Wengi katika zama zile waliua, lakini mateka alikuwa mali, alikuwa fidia, na kumuua ilikuwa sawa na kuchoma fedha. Kwa hiyo wenzake walishtuka mara mbili. Mimi husoma ukurasa huo nikimkumbuka mtoto wa miaka saba na kichwa kilichotundikwa langoni, na bado siwezi kumsamehe.

Mtemi Jean naye alikuwa akicheza pande mbili. Kiti chake alikipata kwa msaada wa Edward, akampa mfalme wa Ufaransa heshima yake mwaka 1366 kwa maneno yaliyopimwa yasimfunge sana, halafu mwaka 1372 akafanya mapatano ya siri na Uingereza. Makabaila wake wakamchoka, na mwaka 1373 akakimbilia London. Charles wa tano akaona nafasi imefunguka, na Desemba 1378 akatangaza kwamba Bretagne imetaifishwa, ni mali ya taji. Hapo Wabretoni wakageuka kama upepo wa pwani. Walewale waliomfukuza mtemi walimwita arudi, na Agosti 1379 alishuka pwani ya kaskazini akashangiliwa. Hata Jeanne de Penthièvre, mjane wa mtu aliyeuawa Auray, alikuwa upande wa kumrudisha. Walikubali kuwa na mtemi mbaya, mradi ni wao.

Clisson alibaki na mfalme. Mwaka 1379 ulikuwa mwaka rahisi kuliko yote wa kuhamia upande wa nchi yake, na kila mtu wa hadhi yake alikuwa anahama, lakini yeye hakuhama. Kigeugeu huhama upepo unapogeuka. Clisson alihama aliponyimwa haki yake na mtu fulani, na maadamu mtu huyo ni yuleyule, hakurudi.

Mwaka uliofuata alifariki du Guesclin, kisha Charles wa tano. Mwanawe, Charles wa sita, alikuwa mtoto wa miaka 11, na mnamo Novemba 1380 Clisson akapewa upanga wa du Guesclin na kuwa connétable. Ukisikia neno hilo usimfikirie konstebo wa polisi. Asili yake ni Kilatini, mkuu wa zizi la farasi, na kufikia karne ya 14 lilimaanisha mkuu wa majeshi yote ya ufalme. Mwaka 1382 aliongoza ushindi wa Roosebeke dhidi ya Waflandria.

Sasa tufike Vannes, Juni 1387, maana hapo ndipo maisha yake yote yalipokutana mahali pamoja.

Clisson alikuwa akiandaa meli za kuivamia Uingereza kutoka Tréguier. Wakati huohuo alikuwa kwenye mazungumzo ya kumkomboa Jean de Penthièvre, mwana wa Charles de Blois, aliyekaa mateka Uingereza zaidi ya miaka 30, ili amwoze binti yake Marguerite. Fikiria jambo hilo kwa macho ya mtemi. Mtu tajiri kuliko wote nchini mwako, mwenye majeshi ya mfalme mkononi, anamleta nyumbani mpinzani mwenye haki ya kudai kiti chako na kumfanya mkwe wake. Mjukuu wa Clisson angeweza kuwa mtemi.

Mtemi aliwaita makabaila wake Vannes, akawakirimu, akawa mchangamfu. Kisha akawaomba Clisson na wachache wengine waje kuiona ngome yake mpya ya Hermine. Akawashika mkono, akawapitisha chumba hadi chumba, wakaonja divai. Walipofika chini ya mnara mkuu alimwambia Clisson apande atazame ujenzi, kwa kuwa hakuna ajuaye mambo ya mawe kama yeye. Mwenyewe angebaki chini akizungumza na Guy de Laval, shemeji yake Clisson. Clisson akapanda. Alipopita ghorofa ya kwanza mlango ukafungwa nyuma yake, watu wenye silaha wakamshika na kumfunga pingu jozi tatu. Laval alisikia kishindo cha mlango, akamtazama mtemi, na uso wa mtemi, anaandika Froissart, ulikuwa umegeuka kijani kuliko jani.

Rangi ile inatosha kutueleza kwamba mtemi aliogopa alichokifanya. Laval alikesha akimsihi. Masimulizi ya Kibretoni yanaongeza kwamba mtemi alimwamuru ofisa wake, Bazvalan, amtie Clisson ndani ya gunia na kumtosa majini usiku uleule, kwamba Bazvalan hakutii, na kwamba asubuhi mtemi alilia kwa furaha alipoambiwa mfungwa yu hai. Clisson aliachiliwa kwa faranga 100,000 na ngome zake kadhaa, Josselin na Blain zikiwemo. Uvamizi wa Uingereza ukafa hapohapo. Baadaye mfalme alisimamia suluhu na ngome zikarudi, na Januari 1388 Marguerite aliolewa na mwana wa Blois kama ilivyopangwa.

Kwetu sisi tunaosoma hati za ukabaila, kosa la Hermine ni kubwa kuliko kifungo chenyewe. Mgeni aliyeitwa na bwana wake, akala chakula chake, akashikwa mkono, amefungiwa. Fundo lililokuwa limelegea tangu Gâvre lilikatwa siku ile, na aliyelikata alikuwa bwana.

Tarehe 13 Juni 1392, usiku, Clisson alikuwa anatoka kwenye karamu ya mfalme Paris. Pierre de Craon, kabaila aliyefukuzwa ikulu na aliyeamini Clisson ndiye aliyemponza, alimvizia njiani na kundi la wapanda farasi. Clisson alipigwa akaanguka juu ya mlango wa mwoka mikate ambaye alikuwa ameamka kuandaa tanuri. Mlango haukuwa umefungwa, mwili ukaporomokea ndani, na kwa kuwa wauaji walikuwa juu ya farasi hawakuweza kuingia. Mwoka mikate yule, ambaye hatumjui hata jina, ndiye aliyebadilisha historia ya Ufaransa. Akidhani anakufa, Clisson aliandika wasia, na kwa mujibu wa Froissart mali zake mbali na ardhi zilifika faranga 1,700,000. Ami zake mfalme waliposikia hesabu hiyo walikasirika kuliko waliposikia habari za shambulio.

Craon alikimbilia Bretagne. Mfalme akaondoka na jeshi kumfuata, na tarehe 5 Agosti, katika msitu karibu na Le Mans, jua likiwa kali, akapatwa na wazimu na kuwaua watu kadhaa wa msafara wake. Ami zake wakashika madaraka. Mmoja wao, Philippe wa Bourgogne, anasimuliwa kumwambia Clisson kwamba kama si heshima yake angelitoboa na jicho lake lililobaki. Clisson akavuliwa cheo, akatozwa faini, akarudi Josselin akiwa hana mfalme wa kumlinda.

Vita kati yake na mtemi iliendelea hadi pande zote mbili zikachoka. Mwaka 1395 mtemi Jean, ambaye sasa alikuwa mtu mzima mwenye watoto wadogo na hofu ya kuwaacha, alimwandikia barua ya upole akimwalika waonane. Clisson alikuwa hajasahau mlango wa Hermine. Akajibu kwamba atakuja iwapo mtemi atamtuma mwanawe na mrithi wake akae Josselin kama dhamana. Na mtemi akamtuma mtoto wa miaka mitano. Clisson alipomwona langoni, alimwambia mtoto apande farasi tena, akaondoka naye kwenda kwa baba yake, bila dhamana yoyote. Mara ya mwisho kwenda kwa mtu huyu alitiwa pingu, na bado akarudi na mtoto mikononi. Mapatano yakafungwa Aucfer, Oktoba 1395.

Mtemi alifariki Novemba 1399, na watoto wake wakabaki bila baba katika nchi ambayo Clisson ndiye aliyekuwa na nguvu kuliko wote. Inasimuliwa kwamba Marguerite aliingia chumbani kwa baba yake na kumwambia kwamba sasa ni juu yake watoto wake yeye kurithi: watoto wa Montfort waondolewe. Mzee akashika mkuki akamkimbiza, Marguerite akaanguka ngazini akavunjika mguu, na tangu hapo akaitwa Margot Kiguru. Nayo ni simulizi ya baadaye. Lakini Machi 1402, kijana Jean wa tano alipoingia Rennes kutawazwa, aliyempa uaskari farasi kwa mikono yake alikuwa Clisson, mzee wa miaka 65, chongo, adui wa baba yake.

Alifariki Josselin tarehe 23 Aprili 1407, siku aliyotimiza miaka 71, akazikwa katika kanisa la Notre-Dame-du-Roncier palepale mjini. Kwenye nembo yake alikuwa ameandika Pour ce qu'il me plest, yaani "kwa kuwa ndivyo nipendavyo".

Februari 1420 Jean wa tano alialikwa na jamaa wa Penthièvre kwenye karamu. Njiani, alipokuwa amevuka daraja, wakamkamata, wakamzungusha ngome hadi ngome kwa miezi. Aliyepanga alikuwa mama yao, Marguerite de Clisson. Bretagne nzima ikainuka kumdai mtemi wake, na Penthièvre wakapoteza karibu kila walichokuwa nacho. Mateka yule ndiye mtoto aliyerudishwa kwa baba yake mwaka 1395 juu ya farasi, ubavuni mwa mzee mwenye jicho moja.